Nadharia ipi uichukue? Uhalisia, uliberali, utegemezi na ujenzi wa kijamii mbele ya historia ya Zanzibar

Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa akifika mwaka wa mwisho, utafiti wake humdai kiunzi cha nadharia, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Katika kazi za vijana wetu wa Unguja na Pemba naona mambo mawili yakijirudia. Ama mwandishi amechukua uhalisia kwa kuwa ndio uliofundishwa mwanzo, au amezieleza nadharia nne kurasa kwa kurasa kisha asitumie hata moja alipofika kwenye uchambuzi. Yote mawili yananisikitisha, kwa sababu visiwa hivi vina historia ya kidiplomasia ambayo nchi nyingi kubwa zingeitamani, na nadharia iliyochaguliwa vizuri ingeifungua.

Kwa hiyo nitazilinganisha kwa matukio ya kwetu, maana fasili zake kila kitabu kinazo. Kipimo changu ni kimoja: nadharia ya kufaa ni ile inayothubutu kukataza. Ikiwa inaeleza lililotokea, na ingeeleza vilevile kama kinyume chake kingetokea, haijaeleza kitu. Kabla hujaiandika kwenye pendekezo lako, jiulize ni ushahidi gani ukiukuta utakubali kwamba nadharia yako imeshindwa. Ukikosa jibu, tafuta nyingine.

Niziweke mezani kwa ufupi. Uhalisia unaanza na ukweli kwamba juu ya dola hakuna serikali nyingine. Dola ikidhulumiwa haina polisi wa kumwita, hivyo inajilinda yenyewe, inapima nguvu za jirani na inafunga urafiki kwa maslahi. Hans Morgenthau aliliona chimbuko la hayo katika tabia ya binadamu. Kenneth Waltz, mwaka 1979, akasema chimbuko ni muundo wa mfumo wenyewe, hata viongozi wangekuwa malaika. Uliberali unakubali kwamba hakuna serikali ya dunia, lakini unasema biashara, mikataba, taasisi na aina ya utawala wa ndani hubadilisha hesabu za dola. Mizizi yake iko kwa Immanuel Kant mwaka 1795, na katika miaka ya 1970 Robert Keohane na Joseph Nye wakaipa sura mpya kwa dhana ya utegemeano. Utegemezi una mizizi kwa Marx na kwa wachumi wa Amerika ya Kusini kama Raúl Prebisch: dunia ina kitovu na pembezoni, na umaskini wa pembezoni ndio upande wa pili wa utajiri wa kitovu. Afrika Mashariki fikra hizi zilikuwa na sauti kubwa kupitia Walter Rodney aliyefundisha Dar es Salaam, na kupitia Mzanzibari mwenzetu Abdulrahman Mohamed Babu. Mwisho ni nadharia ya ujenzi wa kijamii, ambayo darasani wengi huiita konstraktivizimu. Alexander Wendt na wenzake waliipa nguvu miaka ya 1990. Hoja yake ni kwamba maslahi hayashuki kutoka mbinguni. Dola hujifunza nani rafiki, nani adui na lipi ni aibu kutokana na mahusiano yake na wengine.

Twende kwenye matukio.

1890 na 1896: uhalisia unapotembea kifua mbele

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao ndani yake Ujerumani ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini pamoja na ukanda wa Caprivi kusini mwa Afrika. Miaka sita baadaye, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ya idhini ya Waingereza. Alipewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Manowari zilipiga kwa muda usiofika hata saa moja, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazamishwa bandarini, watu wapatao 500 upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa, na upande wa Uingereza akajeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud bin Muhammed akawekwa kwenye kiti.

Mwanafunzi anayesoma uhalisia huanza na kisiwa kingine, Melos, ambacho mwaka 416 kabla ya Kristo Athens ilikitaka kisalimu amri. Wenyeji walizungumza haki, Waathens wakazungumza nguvu. Wanaume wa Melos waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Waswahili tuna msemo wa mwenye nguvu mpishe, na uhalisia ni msemo huo ulioandikiwa sababu zake.

Uliberali hapa una la kujibu? Unalo, na ni la maana kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetoa tamko la pamoja la kuheshimu uhuru wa Muscat na Zanzibar. Tamko hilo halikupuuzwa mwaka 1890: ili Ufaransa inyamaze, Uingereza ililazimika kuitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagascar. Ahadi iliyoandikwa ilikuwa na bei. Tatizo ni kwamba bei hiyo haikulipwa kwetu. Mliberali anaweza kuthibitisha kwamba mikataba ina uzito, lakini ataondoka na swali gumu: uzito kwa nani?

Rudi nyuma kidogo, hata hivyo, na mambo yanageuka. Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Marekani ilikuwa na konseli wake, yaani balozi mdogo, Unguja mwaka 1837, miaka minne kabla ya Uingereza kuleta wake. Wamarekani hawakuja na jeshi. Walikuja na nguo ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita merikani, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mhalisia atasema Sultani alikuwa anawapambanisha wakubwa. Huenda, lakini Marekani ya wakati huo haikuwa na manowari za kumlinda mtu katika Bahari ya Hindi. Kwa miaka hiyo ningechukua uliberali bila ya wasiwasi: faida ya biashara inaeleza mengi ambayo mizinga haielezi.

Kwa hiyo nadharia moja haifai kwa karne nzima, hata kwenye bandari ileile. Ukiandika juu ya miaka ya 1830 na ukaandika juu ya miaka ya 1890, unaandika juu ya dunia mbili.

1873: pale nadharia zote zinapogongana

Kama ningetakiwa nichague tukio moja la kumfundishia mwanafunzi namna ya kulinganisha nadharia, ningechukua kufungwa kwa soko la watumwa la Mkunazini. Uingereza ilianza na mkataba wa 1822 uliokataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo, ikaja na wa 1845 uliozuia kuwasafirisha nje ya milki za Sultani za Afrika, na hatimaye, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash akatia saini kufunga masoko na kukomesha biashara hiyo baharini. Mapema mwaka huo alikuwa amemkatalia mjumbe maalumu, Bartle Frere. Alikubali baada ya konseli John Kirk kumfikishia kitisho cha kuzingirwa kisiwa kwa manowari.

Kwa nini Uingereza ilifanya hivyo? Mhalisia ataonyesha mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Njia ya India ilifupika, pwani ya Afrika Mashariki ikapanda thamani, na vita dhidi ya utumwa vikawa kisingizio kizuri cha kuweka manowari hapa na kumfunga Sultani mikono. Wa utegemezi atasema ubepari wa viwanda ulitaka pembe, mpira na viungo kuliko kutaka watu, na ulitaka nguvukazi ibaki shambani kuzalisha mazao ya kuuzwa Ulaya. Utumwa wenyewe hapa haukufutwa mpaka 1897, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kufanya kazi kwenye mashamba yaleyale. Mliberali atataja wananchi wa Uingereza, makanisa, magazeti na Bunge. Barua za David Livingstone zilisomwa na watu wenye kura. Na mtu wa ujenzi wa kijamii atauliza swali la chini kabisa: mwanzoni mwa karne hiyo Uingereza ilikuwa imefaidika na biashara ya watumwa kuliko karibu nchi yoyote, iliacha kwa sheria ya 1807, na miaka sitini na zaidi baadaye ilikuwa inawatishia wengine kwa manowari waache. Nini kilibadilika? Idadi ya meli peke yake haijibu. Kilichobadilika ni hisia ya nchi iliyostaarabika inafanya nini na haifanyi nini.

Hapa tumia kipimo cha kukataza. Kama uhalisia ndio wenye kweli yote, Uingereza isingetumia fedha na maisha ya mabaharia wake kuwinda majahazi mahali pasipo na faida ya kijeshi. Ukikuta ilifanya hivyo miaka kadhaa kabla ya Suez, uhalisia umepata jeraha. Kama ujenzi wa kijamii ndio wenye kweli yote, Uingereza isingesubiri miaka hamsini na moja kati ya mkataba wa kwanza na wa 1873, wala isingevumilia utumwa wa mashambani miaka mingine ishirini na nne. Ukiona subira hiyo inafuatana na hesabu za kibiashara, ujenzi wa kijamii nao umejeruhiwa.

Maoni yangu, baada ya kulifikiria jambo hili kwa muda mrefu, ni kwamba ujenzi wa kijamii unaeleza kwa nini utumwa uligeuka kuwa suala, na uhalisia unaeleza namna ulivyokomeshwa na wakati ulipokomeshwa. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mwanafunzi anayeandika "sababu za kufungwa kwa soko la watumwa" ameyachanganya kabla hajaanza, ndiyo maana nadharia inamponyoka.

Na kuna jambo lazima lisemwe. Katika maelezo yote manne, waliouzwa Mkunazini hawamo. Yumo Sultani, yumo konseli, umo ubepari, zimo maadili za London. Waliotoroka na waliogoma wanaonekana kwa nadra. Nadharia zinazoanza na dola huwaacha watu nje, na utegemezi, unaojivunia kuwatetea wanyonge, mara nyingi huwageuza kuwa takwimu ya nguvukazi. Ukichagua mojawapo, andika waziwazi nani ameachwa nje. Msahihishaji mwenye insafu ataithamini kurasa hiyo moja kuliko kumi za fasili.

Karafuu: utegemezi una haki, lakini si yote

Hakuna nadharia inayomkaa Mpemba mdomoni kama utegemezi, hata kama hajui jina lake. Zao moja, bei inapangwa mbali, mchumaji anapanda mti na kuanika kwenye jamvi huku thamani kubwa ikiongezwa kwengine. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Tangu hapo uchumi wa kisiwa kizima umekuwa ukipanda na kushuka na zao lile. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa kwenye sigara za kreteki. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake kwa wingi na kujitosheleza, bei iliporomoka katika miaka ya 1980, na Pemba iliumia.

Lakini angalia vizuri. Indonesia si London wala New York. Nayo ilikuwa koloni, nayo ilikuwa pembezoni. Aliyelivunja soko letu ni mwenzetu wa pembezoni aliyefanya kile ambacho nadharia yenyewe iliwashauri watu wa pembezoni wafanye: kujitegemea. Hili ni jeraha kwa utegemezi wa aina nyepesi, ule wa kuwatupia Wazungu kila kitu. Jeraha la pili ni la ndani. Kwa miongo kadhaa karafuu zilitakiwa ziuzwe kwa shirika la serikali tu, na bei ya mkulima ilipokuwa chini mno, magendo ya kwenda Kenya yalishamiri. Mtu anayebeba magunia usiku kwa mashua anafanya hesabu ambayo nadharia ya kitovu na pembezoni haina nafasi nayo. Ukiandika juu ya karafuu, chukua utegemezi kwa kueleza muundo, lakini lazima uweke sura ya siasa ya ndani, la sivyo utafiti wako utakuwa malalamiko.

1964, 1965 na 1981: maslahi au msimamo?

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963 na ikaingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 mwezi huo huo, siku moja na Kenya. Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili. Katikati ya miezi hiyo michache Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ya mwanzo barani Afrika kufanya hivyo, na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga kilichokuwa Tunguu kikafungwa. Majumba ya ghorofa ya Kikwajuni ni ukumbusho wa urafiki huo na Ujerumani Mashariki.

Sababu za Muungano zinagombaniwa mpaka leo, na sitajifanya kuzimaliza hapa. Mhalisia ataelekeza kwenye Vita Baridi na hofu za usalama, kwani jeshi la Tanganyika lenyewe lilikuwa limeasi Januari hiyo. Mtu wa ujenzi wa kijamii atataja umajumui wa Afrika, ambao viongozi wa wakati ule waliuamini kwa dhati. Ninachomwomba mwanafunzi ni asiwe amechagua nadharia kwa kuwa inampa jibu analolitaka kisiasa. Kwa suala hili khasa, kishawishi hicho ni kikubwa, na msomaji hukinusa kwenye aya ya kwanza.

Jambo lenye mafunzo zaidi ni lililofuata. Serikali ya Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera ya kutovumilia nchi yoyote inayoitambua Ujerumani Mashariki. Baada ya Muungano, Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye Nyerere badala ya kurudi nyuma akaikataa misaada mingine ya serikali hiyo. Utegemezi usingetabiri hivyo; nchi maskini ilitakiwa isalimu amri. Uhalisia nao unajikuna kichwa, maana nchi ndogo iliachia fedha na mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya nini? Hapa ujenzi wa kijamii unashinda wazi: kwa dola changa, kuonekana haiamrishwi lilikuwa ni sehemu ya kuwa dola.

Halafu mtazame Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1942, balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22, kisha mwakilishi wa Tanzania Umoja wa Mataifa wakati China ya Beijing ilipopewa kiti chake, kinyume na matakwa ya Marekani, tarehe 25 Oktoba 1971. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja huo. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa katibu mkuu wakati huo, mara kumi na sita, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Uhalisia utajitangazia ushindi: wakubwa wameamua. Lakini kura ya turufu inakwambia nani mwenye uwezo wa kuzuia, haikwambii kwa nini alimzuia huyu. Wachambuzi wengi wanarejea kwenye 1971 na kwenye misimamo yake juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika na Palestina, yaani kwenye kumbukumbu na utambulisho. Utafiti wa tukio hili ungefaa uanze na viwango vitatu alivyovitenganisha Waltz kabla hata ya nadharia yake kubwa: mtu, dola, na mfumo. Amua kiwango kwanza, nadharia itajitokeza.

Taasisi: OIC na mpira

Zanzibar iliingia Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC) Disemba 1992 na kujitoa mwaka 1993, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, iliipa uanachama kamili, na Julai mwaka huohuo ikaufuta kwa hoja kwamba haiwezi kupokea vyama viwili kutoka nchi moja. Wakati huohuo England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina timu yake FIFA. Kwa maswali kama haya uliberali wa taasisi ndio wa kuchukua, kwani kanuni, na historia ya nani alikuwepo zilipoandikwa na nani hakuwepo, ndivyo vinavyoamua. Uhalisia hapa ni nyundo ya kuulia mbu. Ni mada nzuri, haijaandikwa vya kutosha, na ushahidi wake haujifichi.

Sasa, wewe uchukue ipi?

Kama swali lako ni la usalama, mipaka, kambi, bandari au manowari katika Bahari ya Hindi, anza na uhalisia, na usione haya. Ni nadharia kavu lakini haidanganyi kuhusu udogo wetu. Kama ni la mikataba, jumuiya, utalii, uwekezaji au uvuvi wa bahari kuu, uliberali utakupa dhana za kupimika. Kwa mazao, madeni na misaada, chukua utegemezi, lakini uusome pamoja na wakosoaji wake. Ikiwa kinachokushangaza ni mtu au nchi kufanya jambo lililo kinyume na faida yake ya dhahiri, usipoteze muda, nenda kwenye ujenzi wa kijamii.

Kuchanganya mbili kunaruhusiwa, mradi kila moja ina kazi yake na umesema ni ipi, kama nilivyofanya kwa 1873. Tatu ni nyingi. Nne ni dalili kwamba swali bado halijapatikana.

Na kuna kigezo ambacho walimu hawakisemi vya kutosha: ushahidi unaoufikia. Ujenzi wa kijamii unadai barua, hotuba, kumbukumbu za vikao, maneno ya watu wenyewe. Bila ya hayo unabaki kukisia nyoyo za watu. Kwa karne ya kumi na tisa vitu hivyo vipo, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Asiyesoma Kiarabu atafute mwenzake anayekisoma kabla ya kusajili mada. Kwa miaka ya 1960, baadhi ya waliokuwa vijana wakati huo bado wapo majumbani mwao, na mahojiano nao yafanywe mwaka huu. Utegemezi unadai bei na tani za miaka mingi mfululizo, hivyo hakikisha umezipata takwimu hizo kwanza, ndipo uandike jina la nadharia kwenye jalada.